Nyaraka za Mchoraji na Kitabu Kilichoachwa Nje: Sam Ntiro na Desturi za Wachagga

1. Utangulizi

Sam Joseph Ntiro (1923–1993) anafahamika kwa sura tatu ambazo ni nadra kukutana katika ukurasa mmoja. Wanahistoria wa sanaa wanamjua kama mchoraji aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, akawa mwanafunzi na kisha mwalimu wa sanaa Makerere. Wanahistoria wa siasa humkuta London, ambako alikuwa balozi wa Tanganyika kuanzia mwaka 1961 hadi 1964. Wataalamu wa Kiswahili humkuta katika orodha za vitabu vya Eagle Press, kama mwandishi wa Desturi za Wachagga, kilichotoka Nairobi mwaka 1953.

Makala haya yanahoji mgawanyo huo kwa kuanzia kwenye suala la nyaraka. Yanauliza: tunapozungumzia nyaraka za mchoraji, ni karatasi zipi tunazozihesabu, na ni nani aliyeamua zihesabiwe? Hoja inayotetewa ni kwamba nyaraka za Ntiro zilizokusanywa nje ya Afrika Mashariki zimehifadhi zaidi uhusiano wake na wafadhili na taasisi, na kwamba kitabu chake cha Kiswahili, ambacho huwekwa kwenye rafu ya ethnografia, kinastahili kusomwa kama sehemu ya nyaraka hizo. Kikisomwa hivyo, kinatupatia istilahi ya kuzungumzia picha zake ambayo ukosoaji ulioandikwa kwa Kiingereza haukuwa nayo.

2. Nyaraka zilikokwenda

Kanuni ya kwanza ya uhifadhi wa nyaraka ni kwamba karatasi hukaa pamoja kulingana na mtu au ofisi iliyozizalisha au kuzipokea. Barua huishia kwa aliyeandikiwa. Jalada la ofisi huishia kwa serikali iliyoianzisha ofisi hiyo. Kwa mtu aliyekaa sehemu moja na kufanya kazi moja, kanuni hii haina madhara makubwa. Kwa Ntiro, ambaye alikuwa mwanafunzi na mwalimu Kampala, mwanafunzi tena London, balozi, afisa wa utamaduni, na hatimaye mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kanuni hiyohiyo imemgawa vipande vipande.

Karatasi za ubalozi ni mali ya dola. Nchini Tanzania nyaraka za umma zilianza kusimamiwa kwa sheria mahususi mwaka 1965, na sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida hufungua majalada kwa watafiti baada ya miaka 30. Majalada ya aina hiyo humwonesha Ntiro akiwa mtumishi wa serikali, akizungumza kwa sauti ya serikali.

Sehemu nyingine iko Marekani. Wakfu wa Harmon, ulioanzishwa mwaka 1922, ulijulikana kwanza kwa tuzo na maonesho ya wasanii Weusi wa Marekani. Katika miaka yake ya mwisho uligeukia wasanii wa Afrika: uliwaandikia barua, ulizungusha picha zao katika maonesho, na mwaka 1966 ulichapisha orodha ya wasanii wa bara hili iliyotayarishwa na Evelyn S. Brown. Wakfu ulifungwa mwaka 1967, na kumbukumbu zake zikakabidhiwa kwa Maktaba ya Bunge la Marekani na Idara ya Kumbukumbu za Taifa ya nchi hiyo. Ntiro alikuwa miongoni mwa wasanii waliofaidika na mtandao huo. Kwa mtafiti, hazina hiyo ni ya thamani. Hata hivyo, ni lazima ikumbukwe kwamba aliyeizalisha ni Wakfu wa Harmon. Maswali yaliyoulizwa ndani yake ni ya mfadhili: picha ni ngapi, bei ni kiasi gani, msanii alisoma wapi, ataweza kusafiri lini. Ntiro anayepatikana humo ni Ntiro anayejibu.

Hali hiyo inafanana na ile ya Makerere. Margaret Trowell, aliyefika Uganda mwaka 1935 na kuanzisha mafunzo ya sanaa ambayo baadaye yalikua kuwa shule kamili, aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, African Tapestry, zilizotoka mwaka 1957. Historia ya mwanzo wa shule hiyo kwa hiyo imekuja kwetu kwa kauli ya mwalimu. Trowell alipenda kuwasimulia wanafunzi tukio, kisha kuwaacha walichore kama walivyoliona akilini, kuliko kuwaweka mbele ya kielelezo hai wakinakili. Wanaomtetea wanasema aliwalinda dhidi ya kuiga Ulaya. Wanaomlaumu wanasema aliwafungia katika dhana yake kuhusu Uafrika. Pande zote mbili zinabishana juu ya nia ya Trowell. Ntiro, mwanafunzi wake wa miaka ya 1944 hadi 1947, anabaki kuwa mfano wa kuthibitisha upande huu au ule.

3. Kitabu cha mwaka 1953 katika mahali pake

Desturi za Wachagga kilichapishwa na Eagle Press, jina la uchapishaji la East African Literature Bureau, chombo kilichoundwa na serikali za kikoloni mwaka 1948. Tarehe yake inastahili kuangaliwa. Kati ya mwaka 1952 na 1955 Ntiro alikuwa London, katika Shule ya Sanaa ya Slade, ambako uchoraji wa mwili wa binadamu kwa kutazama kielelezo hai ulikuwa msingi wa mafunzo. Kwa maneno mengine, katika kipindi kilekile ambacho elimu yake ya uchoraji ilikuwa inaelekezwa kwenye mtu mmoja aliyesimama mbele ya mchoraji, jina lake lilikuwa linatoka Nairobi kwenye jalada la kitabu cha Kiswahili kuhusu mwenendo wa jamii nzima.

Kitabu hicho kina nasaba yake. Utanzu wa desturi katika nathari ya Kiswahili unarudi nyuma hadi Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake na kuhaririwa na Carl Velten. Kilimanjaro kwenyewe, Petro Itosi Marealle alikuwa ametoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947. Mwaka mmoja baada ya kitabu cha Ntiro, Mathias Mnyampala alitoa kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Mlinganisho na Mnyampala unafundisha. Hakuna mhakiki makini wa Mnyampala anayeitenga kazi yake ya desturi na ushairi wake; zote mbili huchukuliwa kuwa kazi za mtu mmoja anayefikiri juu ya jamii na lugha. Kwa Ntiro, kwa kuwa sanaa yake ya pili ni ya rangi na wala si ya maneno, daraja hilo halijajengwa.

Wala kitabu hicho hakikutoka katika utulivu wa mila zisizoguswa. Kilimanjaro ya mwaka 1953 ilikuwa nchi ya kahawa, yenye chama cha ushirika, KNCU, kilichokuwa na umri wa miaka 20. Mwaka 1952 Thomas Marealle wa Marangu alikuwa ametawazwa kuwa Mangi Mkuu, juu ya himaya ambazo kwa vizazi vingi zilikuwa na mamangi wake na ushindani wake, Machame ikiwemo. Kuandika Wachagga kama jamii moja yenye desturi zake kulikuwa, wakati huo, ni kushiriki katika mjadala. Na kuandika kwa Kiswahili, wakati ambapo Kichagga kilikuwa lugha ya nyumbani na Kiingereza lugha ya Makerere na Slade, kulikuwa ni kuchagua msomaji aliye nje ya mlima, ndani ya Tanganyika na Afrika Mashariki.

4. Kiambishi hu- na picha zisizo na shujaa

Wahakiki wengi wa picha za Ntiro wamegusia mambo yaleyale. Watu wake ni wengi na wadogo. Wanalima, wanavuna, wanabeba mizigo, wanafuatana njiani. Nyuso hazitofautishwi. Kivuli ni kidogo na kina cha mandhari kimebanwa. Kwa mizani ya Slade, hizi ni kasoro, na ndiyo maana baadhi yao wamemwita mchoraji wa kitoto, au wamedai kwamba alikataa kujifunza. Kwa mizani ya wapenzi wa Trowell, ni ushahidi kwamba silika ya Kiafrika haikuharibiwa na London. Tathmini zote mbili zinaanza na kile kinachokosekana.

Nathari ya desturi inatupatia mahali pengine pa kuanzia. Utanzu huu umesimama juu ya kiambishi cha mazoea hu-. Wazee hukutana, vijana hubeba, mama hupokea. Sarufi ya kiambishi hiki inajulikana: hakichukui kiambishi cha nafsi, hakionyeshi idadi, na hakifungi tendo kwenye wakati mmoja. Neno hupeleka, likisimama peke yake, halisemi ni nani, ni wangapi, wala ni lini. Ukosefu huo ndio uwezo wake. Unamruhusu msimulizi kuelezea jambo ambalo mtendaji wake hubadilika kila kizazi, ilhali tendo lenyewe likibaki.

Picha ya Ntiro inafanya kazi hiyohiyo kwa rangi. Uso usiotofautishwa ni nafsi isiyotajwa. Watu wengi wanaorudia mkao mmoja ni tendo lisilohesabiwa. Kutokuwapo kwa kivuli cha saa fulani ya siku ni kutofungwa kwa wakati. Kwa msomaji wa Kiswahili, mchoraji aliyeandika Desturi za Wachagga hahitaji kutetewa kwa hoja ya silika. Alikuwa na utanzu, utanzu huo ulikuwa na sarufi yake, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaufanyia kazi kwa maandishi.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Hu- inaweza pia kuficha. Msimulizi wa desturi anaposema wazee hukubaliana, wale wasiokubali hutoweka katika sentensi. Kahawa, kodi na ushindani wa mamangi hutoweka pamoja nao. Pingamizi hili ni la haki, na linaigusa picha kama linavyogusa kitabu. Lakini linahamisha mjadala mahali panapofaa. Badala ya kuuliza kama Ntiro alijua kuchora, tunauliza ni nani aliyeachwa nje ya mazoea aliyoyachora. Hilo ni swali la kihistoria, na linaweza kuchunguzwa.

5. Jina la picha kama waraka

Mfano mmoja utaonyesha kwamba suala hili lina uzito hata katika kazi ya kawaida ya kuorodhesha. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalipata picha ya Ntiro ya rangi ya mafuta aliyoichora mwaka 1956. Katika orodha yao inaitwa Men Taking Banana Beer to Bride by Night, yaani wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku.

Jina hilo la Kiingereza limefanya mambo mawili. Kwanza, limegeuza mbege kuwa pombe ya ndizi. Mbege hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na katika ndoa za Wachagga ina hadhi ambayo kinywaji kingine hakiwezi kuishika: ndiyo inayopelekwa kwa ukoo wa mwanamke na kunywewa kama ushahidi wa makubaliano. Jina la orodha limebakiza zao moja na kuiacha mada yenyewe, ambayo ni mkataba baina ya koo mbili. Pili, limelifanya tendo kuwa tukio. Mtazamaji wa New York anasoma habari ya usiku mmoja, wa wanaume fulani na mwanamke fulani, kisha anashangaa kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyepewa uso. Kauli wanaume hupeleka mbege usiku haizalishi mshangao huo.

Majina ya picha ni nyaraka. Huandikwa na mtu, kwa lugha fulani, kwa ajili ya msomaji fulani. Inapasa basi orodha za kazi za Ntiro ziwe na jina la Kiswahili sambamba na la Kiingereza, na istilahi za Kichagga zinazobeba maana zibaki kama zilivyo.

6. Hitimisho

Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, kilichoasisiwa katika miaka ya 1960 na Elimo Njau, mwana mwingine wa Kilimanjaro aliyepitia Makerere. Picha, vitabu na karatasi za kizazi kizima vilipotea katika moto huo. Tukio hilo linaonyesha jinsi historia ya sanaa yetu inavyotegemea vitu vichache vilivyowekwa mahali pachache, na kwa nini sehemu iliyosalia ng'ambo huelekea kugeuka kuwa historia yote.

Dawa ya kwanza ni mwongozo mmoja unaoorodhesha mahali pote zilipo karatasi za Ntiro, kila kipande kikitajwa pamoja na aliyekizalisha. Dawa ya pili iko karibu zaidi. Nakala za Desturi za Wachagga zilichapishwa kwa ajili ya wasomaji wengi na zikasambazwa katika maktaba za ukanda huu. Hazikutegemea jalada la mfadhili wala idhini ya wizara. Kitabu hicho kisomwe upya katika madarasa ya fasihi na ya sanaa kwa pamoja, picha zikiwa pembeni yake. Mchoraji alikwisha kuandika, kwa Kiswahili, aina ya nathari ambayo picha zake zinaidai.