Muswada wa utafiti wa tiba

Muswada wa utafiti wa tiba ni andiko ambalo mtafiti hulipeleka kwa jarida la kitabibu ili lipitiwe na wataalamu wenzake kabla ya kuchapishwa. Huwa na ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala.

Mfano mzuri umetoka Kajiado, nchini Kenya. Mwaka 1996 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio lililohusu watoto 206 wa Kimaasai. Baadhi walikunywa maji yaliyoanikwa juani katika chupa za plastiki juu ya paa. Wenzao walikunywa maji ya chupa zilizowekwa ndani ya nyumba. Waliotumia maji ya juani waliharisha mara chache zaidi.

Sehemu ya mbinu ndiyo roho ya muswada: chupa iliwekwa wapi, kwa muda gani, nani alihesabu siku za kuhara. Bila hayo, mtafiti mwingine hawezi kurudia jaribio.

Mwandishi hutaja pia kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya washiriki; kwa mtoto, ridhaa ya mzazi. Hilo ni deni kwa jamii iliyowaamini watafiti.