Msuya na Marobota ya Ngokolo

Robota linapofunguliwa Ngokolo Mitumbani, mjini Shinyanga, wateja hulizunguka kabla kamba hazijaisha kukatwa. Shati lililokwishavaliwa Ulaya huinuliwa juu, kola ikakaguliwa, bei ikaanza kuvutana. Vijana huita nguo kali "pamba", na hapa neno hilo lina kejeli yake, maana mkoa huu ndio unaolima pamba yenyewe. Yetu hutoka ikiwa robota. Ya wenzetu huingia ikiwa robota. Ukifuatilia ilikuwaje, unakutana mara kwa mara na jina la mtu mmoja asiyekuwa wa hapa: Cleopa David Msuya, waziri mkuu mara mbili, aliyefariki dunia tarehe 7 Mei 2025 akiwa na miaka 94.

Msuya alizaliwa tarehe 4 Januari 1931 Usangi, katika milima ya Upare. Alisoma Makerere kuanzia 1952 hadi 1955, kisha akawa ofisa maendeleo ya jamii. Baada ya Uhuru alipanda ngazi za utumishi: kamishna, halafu katibu mkuu wa wizara moja baada ya nyingine, hadi Hazina. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimtoa kwenye kiti cha katibu mkuu akamfanya Waziri wa Fedha. Hakuwa mtu wa kutikisa majukwaa. Alikuwa mtu wa mafaili, na Ikulu ilimhitaji kwa sababu hiyo.

Mwaka 1975 alihamishiwa Viwanda. Hiyo ndiyo miaka ambayo nchi iliamini kwamba pamba ya Usukumani isokotwe na kufumwa hapahapa, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zikiwa mfano wa ndoto hiyo. Lakini mkulima wa Shinyanga alikuwa akipoteza mambo mawili. Halmashauri yake ya wilaya ilikuwa imevunjwa 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na 1976 vyama vyake vya ushirika navyo vikafutwa. Pamba ikawa mali ya mamlaka ya serikali, na malipo yakawa ya kusubiri.

Msuya alipoteuliwa Waziri Mkuu Novemba 1980, vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini gharama yake ilikuwa imebaki. Fedha za kigeni zilikuwa haba. Sabuni, sukari na kitenge vikawa bidhaa za foleni. Ilikuwa kazi ya lawama, lakini serikali aliyoisimamia bungeni ilirudisha vitu viwili vilivyokuwa vimenyang'anywa. Mwaka 1982 zilitungwa sheria namba 7 na namba 8 za serikali za mitaa, za wilaya na za miji, na mwaka huohuo ikapita sheria mpya ya ushirika. Kwa njia hiyo wakulima wa Shinyanga walikuja kupata chama chao kikuu, SHIRECU.

Februari 1983 Mwalimu alimrudisha Edward Sokoine kwenye uwaziri mkuu, na Msuya akarudi Hazina. Kwa wengine huko kungekuwa kushushwa. Kwake ndiko kulikokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Sokoine alipambana na wahujumu uchumi kwa msako; Aprili 1984 akafariki kwa ajali ya gari Dakawa. Miezi miwili baadaye Msuya alisoma bajeti iliyokiri kuwa msako hauzalishi sabuni. Shilingi ilishushwa thamani hadi 17 kwa dola, ruzuku ya sembe ikaondolewa, na mwenye fedha za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi.

Rafu za maduka zikaanza kujaa. Katika mlango huo uliofunguliwa, mitumba nayo ikapata njia. Mwaka 1986, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi, Msuya huyohuyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha nchi ilipofikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, mapatano ambayo serikali ilikuwa imeyakwepa kwa miaka. Viwanda vya nguo, ambavyo tayari vilikuwa vinayumba kwa uhaba wa vipuri na umeme, sasa vilishindana na shati la bei ya chai na andazi.

Alirudi kuwa Waziri Mkuu Desemba 1994, safari hii pamoja na cheo cha Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka 1995 jina lake lilifika Mkutano Mkuu wa CCM likiwa miongoni mwa matatu ya mwisho ya kugombea urais, pamoja na Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete. Kura hazikutosha. Alibaki mbunge wa Mwanga hadi 2000.

Wapo wanaomsifu kwa kujaza maduka, na wapo wanaomlaumu kwa viwanda vilivyonyamaza. Pale Ngokolo hesabu hizo mbili hulala kwenye meza moja. Mchuuzi hupanga nguo zilizopita katika mlango wa 1984, kisha hutoa ushuru kwa halmashauri inayosimama juu ya sheria ya 1982. Mchuuzi akikusanya meza jioni, mkulima wa pamba aliyekuja mjini hupita hapo kununua shati la kurudi nalo kijijini.