King Majuto na Watazamaji wa Nchi ya Buha

Historia ya uigizaji wa Tanzania haieleweki kwa kuwatazama mashujaa wa filamu peke yao, kwa kuwa umaarufu wake mwingi ulibebwa na waigizaji wa uhusika, yaani wale ambao huigiza mtu wa aina fulani, mbahili, mbishi au mzee mwenye tamaa, ambaye mtazamaji humtambua mara tu anapoingia. Mkubwa wao alikuwa Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kujulikana kama King Majuto, na umbali ambao sanaa yake ilisafiri unapimika vizuri Kibondo na Kasulu, katika nyanda za Buha, nchi ya Waha, magharibi kabisa mwa Tanzania.

Majuto alianza kuigiza angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya maisha yake ya sanaa ilipita Tanzania Bara ikiwa haina televisheni, ambayo ilianza mwaka 1994. Mchekeshaji aliyetaka kufika Buha alitegemea zaidi sauti: kwanza Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyowafanya wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi wajulikane nchi nzima, kisha kanda za kaseti, ambazo Majuto alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuuzia vichekesho.

Mikanda ya video, na baadaye diski, ndiyo iliyomleta mwili mzima. Kwa kuwa gridi ya taifa ilianza kuufikia mkoa wa Kigoma mwaka 2022 tu, filamu zilitazamwa katika vibanda vya video, yaani vyumba vyenye mabenchi, runinga moja na jenereta nje, ambako sinema za Marekani na Hong Kong zilihitaji msimulizi wa Kiswahili, kazi iliyompa sifa Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, wakati Majuto hakuhitaji mkalimani yeyote. Hakumhitaji hata kwa Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, ambao wengi wao walikuja na Kiswahili chao kutoka Kivu. Ustadi wake ulionekana zaidi alipogonganishwa na Sharo Milionea, kijana wa majivuno na mavazi ya kisasa, kwa sababu ukaidi wa mzee ulipata wa kushindana naye. Ushirikiano huo ulikatwa na ajali ya gari iliyomuua Sharo wilayani Muheza, Novemba 2012.

Jambo linalouma ni kwamba kuenea huko hakukumtajirisha. Wasanii wengi waliuza haki zao zote kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja, na nakala bandia zikamaliza kilichobaki. Mwaka 2018, Majuto alipokuwa mgonjwa na kupelekwa India kwa matibabu, waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba yake. Tarehe 8 Agosti mwaka huohuo Majuto alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa kwao Tanga.