Springi Ndogo, Historia Kubwa: Hendibreki ya Land Rover Kajiado

Wacha niseme wazi: historia tuliyofundishwa shuleni ilisahau springi ya hendibreki. Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, ndio maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Ililengwa wakulima. Huku kwetu ilikuja na serikali ya mkoloni, na wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, ilibeba askari. Baada ya uhuru ikabeba daktari wa mifugo, mwalimu, mtalii. Miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kikawa kinaziunganisha hapa hapa Thika.

Kitengela ya leo ni ploti na fleti. Zamani ilikuwa malisho ya Wamaasai, na wanyama wa mbuga ya Nairobi walipita huku wakienda nyanda za Kajiado. Kwa barabara za wakati huo, gari laini ungeiacha korongoni.

Sasa hendibreki. Kwa gari nyingi inashika magurudumu ya nyuma. Kwa Land Rover za zamani inashika propela: kuna dramu moja nyuma ya transfa boksi, na ndani breki shuu mbili. Difu inazidisha nguvu yake karibu mara 5 kabla ifike kwa magurudumu, so dramu ndogo inazuia mzigo mkubwa mlimani. Ukiachilia leva, springi zinavuta shuu zirudi ndani. Springi ikichoka au ikikatika, shuu zinasugua dramu ukiendesha, zinapata moto, lainingi zinaisha. Siku unaihitaji kwa mteremko, haishiki.

Hapa ndipo watu huumia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma na jeki, difu inaliacha lizunguke, na gari inaweza kubingirika hata leva ikiwa juu. Na kubadilisha springi lazima utoe propela ya nyuma ndio dramu itoke. Ukishaitoa, hendibreki haishiki chochote. Kwa hivyo mawe mbele na nyuma ya magurudumu kwanza, halafu ndio uingie chini. Hiyo si ushamba, ni kujua gari imeundwa aje.

Elimu hiyo imekaa wapi miaka hii yote? Kwa jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoeneza jina "sekta isiyo rasmi" dunia nzima. Kumbe hao "wasio rasmi" ndio waliweka gari barabarani. Na kwa vile kwa kawaida huwezi kuingiza nchini gari kuukuu iliyozidi miaka 8, Land Rover kuukuu unazoona njia ya Namanga zipo kwa sababu kuna fundi alikataa zife.

Maoni yangu ni haya: tunahifadhi magofu na kupuuza mikono. Fundi akizeeka bila mwanafunzi, hata springi mpya ikipatikana, nani ataifunga bila kukandamizwa na gari?

Una simu, una bando. Pita gereji iliyo karibu nawe, uliza mzee, rekodi. Na we wa Isinya au Kajiado mjini, nyumbani kwenu kulikuwa na Land Rover? Nani alikuwa anaitengeneza?