Kichujio kama Msomaji: Historia ya Kuzuia Barua Taka na Nafasi ya Kiswahili katika Seva za Baruapepe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vichujio vya barua taka kuanzia mwaka 1978 hadi 2024, yakichunguza namna lugha ilivyoingizwa katika uamuzi wa mashine. Hoja kuu ni kwamba kila kizazi cha vichujio kilibeba dhana fulani kuhusu msomaji na lugha yake, na kwamba sehemu ya hitilafu zinazozikabili taasisi zinazotumia Kiswahili hutokana na dhana hizo kutohojiwa wakati wa kusanidi seva. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa vyuo, mabaraza ya lugha na watunga sera.

1.0 Utangulizi

Mnamo Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani alituma tangazo la kompyuta kwa watumiaji wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET. Malalamiko yalifuata mara moja, na tukio hilo huhesabiwa kuwa chanzo cha barua taka. Hata hivyo, kanuni za usafirishaji wa baruapepe zilizoandikwa na Jonathan Postel na kutolewa Agosti 1982 hazikuweka njia ya kuhakiki mtumaji. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watafiti waliofahamiana na kuaminiana. Jamii ilipopanuka, kuaminiana kuliisha, lakini kanuni zilibaki.

Kichujio chochote hukabiliwa na makosa ya aina mbili: kuipitisha barua taka na kuizuia barua halali. Kosa la kwanza huonekana, na mpokeaji hulalamika. Kosa la pili ni la kimya. Mtumaji huamini kuwa barua imefika, na mpokeaji hajui kama iliwahi kutumwa. Mwaliko wa kongamano au tangazo la ufadhili linaweza kupotea hivyo bila mtu yeyote kuulizwa. Kwa sababu hiyo, kosa la pili ndilo linalopaswa kuwashughulisha zaidi watafiti wa lugha.

2.0 Kutoka Orodha hadi Alama

Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo la huduma za bahati nasibu ya kibali cha ukaazi wa Marekani katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Biashara ya barua taka ilikuwa imeanza. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya anwani za seva zilizopaswa kukataliwa. Njia hiyo haikusoma barua bali ilitazama ilikotoka. Udhaifu wake unafanana na methali ya samaki mmoja akioza: mtumiaji mmoja akiichafua seva, wote wanaoitumia huadhibiwa pamoja naye.

Aprili 2001, Justin Mason alitoa programu ya SpamAssassin, ambayo mwaka 2004 ilikuwa mradi wa Apache. Programu hiyo haikutegemea ushahidi mmoja. Kila kanuni huongeza au kupunguza alama, na kwa mpangilio wa awali barua inayofikisha alama 5 huhesabiwa kuwa taka. Ni hapa ambapo lugha iliingia waziwazi, kwa kuwa kanuni nyingi zinazochunguza mwili wa barua zilitafuta virai vya Kiingereza: ahadi za fedha, dawa na mikopo. Matokeo yake kwa Kiswahili yalikuwa na pande mbili. Barua halali haikuguswa na kanuni hizo. Barua ya kitapeli nayo haikuguswa. Ujumbe wa simu unaofahamika sana Tanzania, “Ile hela itume kwenye namba hii”, ni mfano mzuri. Msomaji wa Kiswahili huutambua papo hapo, lakini orodha ya virai vya Kiingereza haina la kusema juu yake.

3.0 Takwimu na Mofolojia

Mwaka 1998 Sahami na wenzake walionyesha namna kanuni ya Bayes inavyoweza kutumika kutenga barua taka. Agosti 2002 Paul Graham aliieneza njia hiyo kwa kupendekeza kwamba kila neno lipewe uwezekano wa kuwa la taka kulingana na barua alizozipokea mtumiaji mwenyewe. Katika pendekezo lake, maneno 15 yenye ushahidi mzito zaidi ndiyo yaliyoamua. Hili lilikuwa badiliko kubwa: kichujio hakikuhitaji tena kuandikiwa virai, kingeweza kujifunza lugha yoyote.

Hata hivyo, “neno” kwa mashine ni mfuatano wa herufi kati ya nafasi. Kitenzi cha Kiingereza kina maumbo machache. Kitenzi “tuma” hutoa nimetuma, ulituma, watatuma, aliyetuma, nitumie, amekutumia na mengine mengi. Kila umbo huhesabiwa peke yake. Ushahidi ambao katika Kiingereza ungekusanyika mahali pamoja, katika Kiswahili hutawanyika, na kichujio huhitaji barua nyingi zaidi ili kufikia uhakika uleule.

Tatizo la pili ni la usanidi. Katika SpamAssassin, hesabu za Bayes hazianzi kutumika hadi programu ifundishwe angalau barua taka 200 na barua halali 200. Programu inaweza kujifunza yenyewe, lakini huikubali barua kuwa mfano wa taka ikiwa tu imefikisha alama 12, zikiwamo angalau 3 kutoka kwenye vichwa vya barua na 3 kutoka mwilini. Barua taka ya Kiswahili, isiyoguswa na virai vya Kiingereza, hufikisha alama hizo za mwilini kwa nadra, isipokuwa inabeba, kwa mfano, kiungo kilichokwisha kuorodheshwa. Hivyo mashine iliyoachwa ijifunze yenyewe hujifunza zaidi taka za Kiingereza.

4.0 Utambuzi wa Lugha

SpamAssassin ina pia kipengele cha kukisia lugha kwa kulinganisha vipande vya herufi, njia iliyoelezwa na Cavnar na Trenkle mwaka 1994. Msimamizi anaweza kuorodhesha lugha anazozitarajia, na barua ya lugha nyingine huongezewa alama. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zinazotambuliwa, kwa alama “sw”. Kwa mpangilio wa awali lugha zote hukubaliwa. Kasoro huanza pale msimamizi anapoandika Kiingereza peke yake. Kichujio cha aina ya herufi hakitamwonya, kwa sababu Kiswahili hutumia herufi zilezile za Kiingereza. Barua fupi, au iliyochanganya lugha kama zilivyo barua nyingi za ofisi zetu, huzidisha ugumu wa kukisia.

5.0 Funzo la 1 Januari 2010

Dhana isiyohojiwa haihusu lugha tu. Kanuni moja ya SpamAssassin ilihesabu tarehe yoyote kuanzia mwaka 2010 hadi 2099 kuwa ya mbali mno katika siku zijazo. Mwaka mpya wa 2010 ulipoingia, kila barua yenye tarehe sahihi ikawa mtuhumiwa. Penye hesabu za Bayes, iliongezewa zaidi ya alama 3 kati ya 5. Dosari hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa katika toleo la maendeleo mwaka 2009, lakini marekebisho hayakuwa yamefikishwa katika seva zilizokuwa kazini. Yalisambazwa siku hiyohiyo, na waliofaidika mapema ni wale waliokuwa na utaratibu wa kusasisha kanuni.

6.0 Kutoka Maudhui hadi Utambulisho

Kuanzia SPF (2006), DKIM (2007) na DMARC (2012), uzito ulihamia kwenye swali ambalo kanuni za 1982 ziliruka: ni nani aliyetuma? Februari 2024, Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wa barua nyingi uthibitisho huo. Chuo ambacho hakijaweka rekodi hizi kwenye kikoa chake kinaweza kukataliwa hata kama barua yake imeandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa. Lakini uamuzi wa kila siku hufanywa na seva, si mahakama.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba kichujio ni msomaji aliyefunzwa na mtu, mahali fulani, kwa lugha fulani. Makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, barua halali inapozuiwa, msimamizi asome orodha ya kanuni na alama zilizoandikwa kwenye vichwa vyake kabla ya kushusha au kupandisha kiwango kizima. Pili, taasisi zifundishe vichujio vyake kwa barua za Kiswahili, halali na taka, kwa makusudi. Tatu, vyuo na mabaraza ya Kiswahili viandae kongoo ya barua taka za Kiswahili, iliyoondolewa taarifa binafsi, na itumike kuandikia kanuni zinazozingatia mofolojia. Nne, sera za TEHAMA ziitake kila taasisi ya umma kuthibitisha kikoa chake na kusasisha kanuni kwa ratiba. Hadi hayo yafanyike, lugha inayozungumzwa na mamilioni itaendelea kusomwa na mashine ambayo haikufundishwa kuisoma.