Seva ya filamu nyumbani inapogoma baada ya kuwekewa toleo jipya

KUHIFADHI filamu, nyimbo na picha za familia katika kompyuta moja ya nyumbani, kisha kuzitazama kwa luninga au simu zilizounganishwa na mtandao wa nyumba hiyo, si jambo geni tena. Programu zinazofanya kazi hiyo huitwa seva za midia. Miongoni mwa zinazofahamika ni Plex, Emby na Jellyfin. Hii ya mwisho ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa wote; ilianzishwa Desemba 2018 baada ya waundaji wa Emby kuacha kuuweka hadharani msimbo wa programu yao.

Malalamiko ya watumiaji wa programu hizi yanafanana. Jioni seva ilikuwa nzima, usiku toleo jipya likawekwa, asubuhi haiwaki, au huwaka na kuzimika baada ya sekunde chache.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba filamu zenyewe kwa kawaida haziguswi. Kilicho hatarini ni hifadhidata, yaani faili linalotunza orodha ya vilivyomo, majina ya watumiaji, na kumbukumbu ya nani ametazama nini na kuishia wapi. Kwa familia iliyotumia miaka kupanga maktaba yake, kulipoteza faili hilo si hasara ndogo.

Mfano mzuri ni toleo la 10.11 la Jellyfin, lililotolewa Oktoba 2025. Kabla yake, taarifa za maktaba zilikuwa katika faili la library.db. Toleo hilo lilizihamishia katika jellyfin.db kwa mfumo mpya kabisa. Kazi ya kuhamisha hufanyika mara seva inapowashwa kwa mara ya kwanza, na kwa maktaba kubwa iliyo katika diski ya kasi ndogo huweza kuchukua saa kadhaa.

Hapa ndipo wengi hujiharibia wenyewe. Huona ukurasa wa kawaida haufunguki, huamini kuwa seva imekufa, huizima kwa nguvu na kuacha hifadhidata nusu ya zamani, nusu mpya. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo, matokeo huweza kuwa yaleyale. Inafaa kuthibitisha kwanza kama programu imezimika kweli au ingali kazini. Katika Linux, amri ya journalctl -u jellyfin huonyesha kinachoendelea. Kumbukumbu za seva hupatikana katika /var/log/jellyfin, na kwa Windows katika C:\ProgramData\Jellyfin\Server\log.

Katika kumbukumbu hizo, mstari wa kutafuta ni kosa la kwanza kabisa, si la mwisho, kwani mengi yanayofuata ni matokeo yake tu. Maneno "Permission denied" huashiria kuwa seva haina ruhusa ya kuandika katika folda zake. Hilo hutokea mathalani pale mtu alipoiwasha kwa mamlaka ya root, mafaili yakabadilika umiliki. Maneno "database disk image is malformed" humaanisha hifadhidata imeharibika. Aidha, diski iliyojaa huweza kukwamisha uhamishaji, na kompyuta ndogo yenye kumbukumbu haba huweza kuiua programu bila maelezo mengi.

Iwapo kosa linataja programu-jalizi, ambazo hutengenezwa na watu wengine kwa ajili ya toleo fulani, folda yake ihamishiwe pembeni na seva iwashwe upya. Zikiwa nyingi, zote ziondolewe, kisha zirejeshwe moja baada ya nyingine. Seva inayowaka vizuri lakini video zikakatika mara zinapochezwa ina tatizo jingine. Hapo zima kwanza usaidizi wa kadi ya picha katika ubadilishaji wa video, kisha ujaribu tena.

Wengi hukimbilia kurudisha toleo la zamani. Njia hiyo peke yake haifai, kwa kuwa programu ya zamani haiwezi kusoma hifadhidata iliyokwisha kubadilishwa. Ni lazima irudi pamoja na nakala ya data na mipangilio iliyochukuliwa kabla ya badiliko, yaani folda za /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin kwa wanaotumia Debian au Ubuntu. Nakala hiyo ichukuliwe seva ikiwa imezimwa, la sivyo huweza kuwa na kasoro.

Asiye na nakala bado anaweza kusimamisha seva, kulihamisha pembeni faili lililoharibika bila kulifuta, na kuiacha seva ianze upya. Maktaba itasomwa tena kutoka katika mafaili ya filamu. Watumiaji na kumbukumbu za utazamaji, hata hivyo, vitalazimika kuanza sifuri.

Kwa wanaoendesha seva ndani ya Docker, ni vyema kuandika namba kamili ya toleo badala ya neno "latest", ili mashine isijichukulie toleo jipya usiku watu wakiwa wamelala.