Old Town Unayoposti, Nani Aliiandika?

Wasee, swali la leo ni fupi. Ile historia ya Old Town unayoweka kwenye kapsheni, nani aliiandika? Na alitoka wapi?

Maanake historia haijiandiki. Kuna mtu alikaa chini akashika kalamu, na mtu huyo ana kwao.

Chukua Fort Jesus, yaani Ngomeni. James Kirkman, Mwingereza aliyekuwa ameshachimba magofu ya Gedi, alianza kuchimba pale 1958 jela ilipofungwa. Pesa zilitoka kwa wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Kitabu chake kilitoka 1974, na kwenye jalada ngome inaitwa ya Wareno.

Sawa, Wareno walianza kuijenga 1593. Lakini hebu piga hesabu. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa. Waliporudi 1728, hawakumaliza hata miaka miwili. Baadaye Wamazrui walitawala Mombasa karibu miaka mia, mpaka 1837. Kisha Waingereza wakaifanya jela, 1895 hadi 1958, miaka 63. Kuta hizo zimekaa na watu wengine muda mrefu kuliko zilivyokaa na Wareno. Simlaumu Kirkman, kazi yake ni kubwa. Nasema tu jalada linakuelekeza macho kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Sasa mtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1937 hadi alipofariki 1947. Yeye aliandika kwa Kiarabu historia ya Wamazrui wa Mombasa, yaani wazee wake mwenyewe. Utasema ana upendeleo. Inawezekana. Lakini nani mwingine angeyapata yale yanayosimuliwa ndani ya ukoo? Unakotoka kunakufungulia mlango mmoja na kukufungia mwingine. Hiyo ni kwa kila mwandishi. Shida ni kwamba mwenyeji tunamuuliza ana upande gani, mgeni tunamwamini hivi hivi. Na kitabu cha Sheikh kilitoka kwa Kiingereza 1995, karibu miaka 50 baada ya kifo chake.

Halafu kuna Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita. Mashairi yake yangepotea kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa hapa hapa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka kwa walioyakumbuka. Mmishonari W. E. Taylor akayapata kwake. Mwaka 1940 diwani ikachapishwa, mhariri akiwa William Hichens. Muyaka unamjua. Sikujua je? Jina lenyewe kama utani, manze.

Na wanawake? Ukisoma habari za ngome na masultani tu, utadhani Mombasa ilikuwa mji wa wanaume watupu. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kama walivyojisimulia wenyewe. Humo kuna ngoma, harusi, ndoa, na utumwa pia, mambo ambayo mizinga ya Ngomeni haiwezi kukwambia.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Hatuhitaji kuchoma vitabu vya wageni, wala kuamini kila kinachosemwa barazani. Tunahitaji kuuliza maswali mawili kila mara: nani anasema, na nani alimwambia?

Maana sasa sisi ndio waandishi, tukitaka tusitake. Riili yako ya mlango wa nakshi itatazamwa na watu wengi kuliko kitabu cha Kirkman. Kama ni bibi wa mtaani ndiye aliyekueleza mlango huo ni wa nani, basi muombe ruhusa umtaje. Akikubali, jina lake lije kwanza, lako baadaye. Tusitengeneze kina Sikujua wengine.